Mafundi wa Ngozi wa Bukoba

Bukoba ni miongoni mwa miji inayonyeshewa sana Tanzania, na viatu vya shule huku havidumu. Vikifumuka, anayeviokoa ni fundi wa ngozi. Mashine yake si cherehani ya kushonea vitenge: sindano ni nene, ncha imenolewa ikate ngozi. Tundu likishatobolewa halizibiki, kwa hiyo fundi hujaribu kwanza kwenye kipande cha masalia. Anakaza uzi wa juu kidogo, anashona, anageuza kuangalia fundo limekaa wapi. Likining'inia chini, uzi wa juu umelegea. Likijitokeza juu, umekazwa mno. Fundo zuri hujificha katikati ya unene wa ngozi.

Mishono nayo haibananishwi, la sivyo ngozi huchanika mstari mzima. Kwenye kona anaacha kukanyaga, anazungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja mmoja, vidole kando ya sindano. Uzi ni wa nailoni, maana wa pamba huoza kwa maji.

Na kwa kazi yote hiyo bado tunamwomba apunguze bei. Viatu alivyovishona vitamaliza masika, kisha mdogo mtu atavirithi.