Kusoma geji za Boeing 737-200 ukiwa Dodoma

Ndege imeegeshwa uwanja wa Dodoma, breki zimekazwa, na altimita inaonyesha futi 3,670. Haijaharibika. Umeiwekea QNH, shinikizo la hewa lililokokotolewa kwa usawa wa bahari, nayo inapima kuanzia huko. Uwanja huu uko karibu mita 1,120 juu ya bahari. Anayejifunza kwa simuleta akianzia Dar es Salaam hulikosa somo hili, maana pale sufuri ya altimita na ardhi vinakaribiana. Ndiyo sababu nawasihi vijana wenye modeli za 737-200 kwenye kompyuta zao waipeleke Dodoma mapema. Uwanda wa kati unazitenganisha geji ambazo pwani huonekana zinasema neno moja.

Ndege hii tunaijua. Air Tanzania, iliyoanzishwa 1977 baada ya East African Airways kuvunjika, ilizipata mbili mwishoni mwa muongo huo: 5H-ATC na 5H-MRK. Ndani hamna skrini za kumfanyia rubani hesabu. Kuna marubani wawili na mishale mingi.

Turudi kwenye altimita. Mshale wake humaliza mzunguko kila futi 1,000, na maelfu yanasomwa kwenye kidirisha kidogo chenye ngoma inayogeuka polepole. Kwa hiyo kwenye 3,670 na kwenye 4,670 mshale umeelekea pale pale. Dodoma, tofauti ya namba hizo ni tofauti ya kuwa ardhini na kuwa futi 1,000 angani. Soma kidirisha kwanza, mshale baadaye, kila mara. Ukishuka chini ya futi 2,500 kutoka ardhini, altimita ya redio nayo inaamka. Yenyewe hupima kwa mawimbi umbali wa kwenda chini moja kwa moja, hivyo ukipita juu ya vilima vya mawe vya Dodoma mshale wake unarukaruka huku altimita ya kawaida imetulia. Zote mbili zinasema kweli.

Kipima mwendo kinahitaji uangalifu zaidi. Tuseme jedwali la uzito limekupa mwendo wa kutua wa noti 130, yaani maili 130 za baharini kwa saa. Namba hiyo haibadiliki, Dar au Dodoma, kwa sababu geji hupima msukumo wa hewa, na mabawa nayo yanategemea msukumo huo huo. Lakini mchana wa nyuzi 30, hewa ya Dodoma ni nyepesi kama ya futi 6,300 katika angahewa sanifu. Mshale ukisema 130, ndege inakata hewa kwa noti 143 hivi. Dar kwa joto lile lile ingekuwa 134. Upepo ukiwa umetulia, kasi ya kushuka inayofaa inapanda kutoka takriban futi 670 kwa dakika hadi 715, na nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza inaongezeka kwa karibu asilimia 14. Mwanafunzi anaona ardhi inakuja mbio, anavuta mikono ya injini nyuma, na mwendo unaanguka chini ya ule unaoibeba ndege. Asiyaamini macho ya dirishani hapo. Aushike mshale.

Katikati ya dashibodi, kila injini ina safu yake ya geji. Juu kabisa ni EPR, uwiano wa shinikizo la hewa inayotoka nyuma ya injini na ile inayoingia mbele. Chini yake kuna mzunguko wa feni, joto la gesi, mzunguko wa sehemu ya ndani ya injini na mtiririko wa mafuta. Soma safu nzima, usiishie kwenye EPR. Januari 13, 1982, 737-200 ya Air Florida iliruka Washington kwenye theluji bila kuwashiwa mfumo wa kuzuia barafu kwenye injini. Kitambuzi cha mbele kiliziba kwa barafu, EPR ikaonyesha 2.04 wakati ya kweli ilikuwa karibu 1.70. Geji zilizobaki kwenye safu zilikuwa chini ya kawaida. Rubani msaidizi aliona mambo hayaendi sawa na akasema, lakini safari haikukatizwa. Ndege ikaanguka, wakafa watu 78.

Dodoma hakuna barafu ya kuziba kitambuzi, ila EPR ina jambo jingine la kuliangalia hata ikiwa nzima. Ni uwiano tu. EPR ya 2.0 Dodoma na 2.0 Dar zinasomeka sawa, ilhali hewa inayoingia Dodoma ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 12, na nguvu ya injini inapungua kwa kiasi hicho hicho. Mshale wa EPR hautakuonyesha upungufu huo. Uko kwenye majedwali ya kuruka, unayoyasoma kwa joto la siku na mwinuko wa uwanja kabla ya kuachia breki. Jaribu saa nane mchana, kisha alfajiri, uzito ukiwa ule ule, na mara zote mbili uandike magurudumu yaliacha lami baada ya mita ngapi.