Ntare Rushatsi Alikuwa Kabila Gani? Uhakiki wa Swali na wa Tafsiri Yake

Ikisiri
Makala haya yanahakiki mjadala kuhusu asili ya Ntare Rushatsi, anayetajwa na mapokeo simulizi kuwa mwasisi wa ufalme wa Burundi. Kwa kupitia kazi za Gorju (1938), Vansina (1972) na Chrétien (1981), makala yanadai kwamba sehemu kubwa ya mgogoro huo imezaliwa na swali linaloulizwa, na kwamba neno la Kiswahili kabila limeuzidisha. Yanapendekeza istilahi zitakazotenganisha ukoo, mahali pa kutoka na kundi la kijamii.

1.0 Utangulizi
Katika Bandari ya Bujumbura kila shehena huja na hati inayoonyesha ilikopakiwa. Mjadala kuhusu Ntare Rushatsi umeendeshwa kana kwamba naye aliingia Burundi na hati ya namna hiyo, ikapotea, na kazi ya mtafiti ni kuitafuta. Bandari hiyo ina uhusiano mwingine na mada yetu. Meli zake huiunganisha Burundi na Kigoma, mkoa ambamo imo nchi ya Buha, na ni huko Buha ambako simulizi mojawapo humtoa mfalme huyo. Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi cha wasemaji wake kuelewana, na mpaka unaowatenganisha leo uliwekwa na wakoloni. Kwa hiyo, kusema kwamba Ntare "alitoka nje" ni kutumia ramani ambayo masimulizi yenyewe hayakuijua.

2.0 Mapokeo Mawili
Watafiti hutofautisha mizunguko miwili ya masimulizi. Wa kwanza ni wa Nkoma, mlima ulio kusini-mashariki mwa Burundi, unaomhusisha Ntare na Buha. Wa pili ni wa Kanyaru, mto wa mpakani upande wa kaskazini, unaomhusisha na Rwanda. Majina yake hayakati shauri. Ntare linatokana na intare, yaani simba. Rushatsi linahusiana na umushatsi, yaani nywele, nalo humtaja kama mtu mwenye nywele nyingi. Hakuna kati ya majina hayo linalotaja kundi lolote la watu.

Hata hivyo, wasomaji wa baadaye waligeuza dira kuwa nasaba. Aliyemtoa kaskazini alimhesabu kuwa Mtutsi. Aliyemtoa Buha aliweza kumdai kuwa Mhutu. Wa tatu alikumbusha kwamba Baganwa, yaani wazawa wa wafalme, walihesabiwa mbali na makundi yote mawili.

3.0 Uhakiki wa Kazi Tatu
Gorju, askofu Mkatoliki aliyefanya kazi Burundi, aliuita ufalme huo ndugu wa "ufalme wa Kihamiti" wa Rwanda tangu katika jina la kitabu chake. Dhana hiyo haikutoka kwa wasimulizi. Ilikuwa imeenezwa na wasafiri kama Speke, aliyedai mwaka 1863 kwamba watawala wa eneo la maziwa makuu walikuwa na asili ya Uhabeshi. Gorju aliyasoma masimulizi akiwa na jibu tayari mkononi.

Vansina, aliyekusanya mapokeo mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa mwangalifu zaidi. Alionyesha kwamba Burundi haikuwa na wanahistoria rasmi wa kasri kama Rwanda, hivyo masimulizi yake yalibadilika kwa wepesi na hayakufika mbali katika wakati. Chrétien alisonga mbele kwa kuyapanga matoleo kufuatana na wakati yalipoandikwa, akafuatilia namna mfalme mwenye nywele nyingi alivyogeuzwa Mhamiti katika maandishi ya enzi ya ukoloni.

Tunaikubali hoja ya Chrétien, ila kwa sharti moja. Kuthibitisha kwamba toleo la Kanyaru lilipata nguvu kwa sababu za kisiasa hakuthibitishi kwamba toleo la Nkoma ni kweli. Historia ya andiko si historia ya tukio. Wasomi wa pwani wanalifahamu somo hili kutokana na mjadala wa Ushirazi. Baada ya miaka mingi ya kuyaona madai ya asili ya Uajemi kuwa ngano ya kujitukuza, uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wengi waliozikwa katika miji ya kale ya pwani walikuwa na nasaba za Kiafrika na za Asia, hasa Uajemi, zilizochanganyika. Ngano haikuwa kweli tupu, wala haikuwa uongo mtupu. Aliyekosea ni yule aliyetaka asili iwe moja.

4.0 Kabila na Matatizo Yake
Kirundi kina umuryango kwa familia na ukoo, na ubwoko kwa aina, neno linalotumika pia kwa mimea na wanyama. Katika Kiswahili yote mawili huweza kutafsiriwa kabila. Msomaji wa Kiswahili hutarajia kabila liwe na lugha yake na eneo lake. Wahutu, Watutsi na Watwa wa Burundi wanasema Kirundi kimoja na wanaishi katika vilima vilevile. Tukiandika "kabila la Ntare", tunamwongoza msomaji atafute kitu ambacho simulizi halikukusudia kukitaja. Simulizi linaeleza haki ya kutawala ilitoka wapi na ilipokelewaje.

Madhara yake hayaishii darasani. Kitabu cha Vansina kilitoka mwaka 1972. Mwaka huohuo maelfu kwa maelfu ya Warundi waliuawa, wengi wao Wahutu, na Ntare wa Tano, mfalme wa mwisho aliyebeba jina la mwasisi, aliuawa Gitega. Katiba ya mwaka 2005 ilipogawa viti vya Bunge, ilitenga asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, pamoja na viti vitatu vya Watwa. Baganwa hawakupewa fungu. Ukoo wa mwasisi wa ufalme haumo katika orodha ambayo yeye mwenyewe anadaiwa kuwamo.

5.0 Hitimisho
Makala yanapendekeza kwamba waandishi wa Kiswahili watumie ukoo kwa umuryango, wabakize ubwoko katika umbo lake la Kirundi pamoja na maelezo, na waandike Ntare "anasimuliwa kutoka Nkoma" au "kutoka Kanyaru" badala ya kumpa kabila. Kiswahili ndiyo lugha ambayo Mrundi na Muha hukutania bandarini, na sasa kinafundishwa katika shule za Burundi. Mwanafunzi atakayemsoma Ntare kwa lugha hii asikute ndani yake mgawanyiko ambao simulizi halikuusema.