Maji ya Ngamani Yalitoka Wapi?

Mwenye boti alilieleza tatizo lake kwa ufupi: kila akirudi kuvua, anakuta maji ngamani, nyuma ya injini, kiasi cha ndoo nzima. Boti yenyewe ni ya uvuvi, iko Tanga, na ina injini ya dizeli ya silinda 3 iliyofungwa ndani. Fundi aliyetangulia aliona sehemu ya nyuma imelowa, chini ya kipozaji, akakifungua, akabadilisha oringi na kupaka silikoni kwenye viungo vyote. Boti ikaenda baharini, ikarudi na ndoo yake ya maji.

Fundi yule alifanya kazi kwa bidii, ila alifuata mahali palipolowa. Baharia yeyote anajua kwamba ngama hupokea maji ya chombo kizima bila kusema yameingilia wapi. Kabla ya kuuliza maji yanavuja wapi, yapo maswali mawili ya kuanza nayo: ni maji gani, na yanavuja wakati gani? "Mzee," nilimwambia mwenye boti, "leo naomba tusifungue hata bolti moja mpaka tupate majibu hayo."

Injini ya aina hii ina mizunguko miwili ya maji. Mmoja ni wa maji matamu yaliyochanganywa na kulanti; haya huzunguka ndani ya injini na hayatoki. Wa pili ni wa maji ya bahari. Pampu huyavuta kutoka chini ya boti, yakapita kwenye kipozaji na kuchukua joto la yale matamu, kisha yakatupwa nje pamoja na moshi wa ekzosi. Mizunguko hii hutenganishwa kwa sababu lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Yakipata joto kali ndani ya injini, chumvi hiyo huganda kwenye njia za maji na kuzibana, na chuma nacho huliwa.

Tulichota maji ya ngamani tukadondosha matone machache kwenye kipande cha kioo, tukakianika juani. Yalipokauka yaliacha ukoko mweupe wa chumvi. Wapo wanaoonja kwa ulimi, nami nawasihi waache: kulanti nyingi zina sumu. Ili kujiridhisha, tulifunga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa tangi la maji matamu, tukajaza shinikizo la bar 0.9. Dakika 20 zilipita, mshale haukushuka. Mzunguko wa maji matamu ulikuwa mzima. Maji yaliyovuja yalikuwa ya bahari.

Lakini maji ya bahari yangeweza pia kuingia kupitia ubao uliolegea kalafati, au pale shafti ya rafadha inapotokea. Ndipo swali la pili likatusaidia. Tulikausha ngama kwa matambara, tukaiacha boti majini usiku kucha injini ikiwa imezimwa na valvu ya maji ikiwa wazi. Asubuhi tulikuta pakavu. Tukawasha injini: ikiwa mwendo wa chini hapakuonekana kitu, ilipofika mizunguko 1,500 kwa dakika, dakika chache baadaye mchirizi ulionekana nyuma.

Jibu hilo lilipunguza kazi kwa zaidi ya nusu. Pampu ya boti hii iko juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mpira wa kuvutia ukitoboka huvuta hewa, hautemi maji. Uvujaji unaoanza injini inapochangamka hutoka kwenye pampu yenyewe au baada yake. Isitoshe, injini imefungwa ikiinamia nyuma, kufuata shafti. Tone linaloanguka mbele husafiri juu ya kitanda cha injini mpaka nyuma, na kumfanya mtu akilaumu kipozaji.

Tulikausha injini, tukazungushia tishu nyeupe kila kiungo cha njia ya maji ya bahari, kisha tukawasha tena. Tishu ya kwanza kulowa ilikuwa ya pampu, mbele kabisa.

Pampu hii huendeshwa na giya za injini. Shafti yake imezungushiwa sili mbili: moja huzuia maji, nyingine huzuia oili. Katikati yake pana nafasi yenye matundu mawili, juu na chini, ili sili ya maji ikichakaa, maji yatoke nje na mtu ayaone. Mimi huyaita matundu ya chozi. Tundu la chini lilikuwa limezibwa kwa rangi, na juu ya rangi chumvi ikaganda. Maji yalijaa mpaka tundu la juu, yakatiririka kwa upande wa nyuma usioonekana. Kama na hilo lingeziba, maji ya chumvi yangesukuma sili ya oili na kuingia kwenye injini. Tulichomoa kijiti cha oili kwa wasiwasi. Oili ilikuwa bado nyeusi. Haijageuka rangi ya maziwa.

Tulifunga valvu, tukaitoa pampu. Mdomo wa sili ulikuwa umekakamaa, na kwenye shafti palikuwa na mfereji mwembamba ambao ukucha uliushika. Mzee alikumbuka kwamba sili hiyo ilibadilishwa miezi michache nyuma. Sili mpya juu ya shafti yenye mfereji haidumu, maana mpira unakosa pa kukaza. Tulichongesha shafti nyingine ya chuma cha pua cha daraja la 316, tukaweka sili zote mbili, oringi na impela mpya. Upande wa sili wenye springi tuliuelekeza kwenye kile inachozuia: maji kwa moja, oili kwa nyingine. Impela tuliilainisha kwa gliserini, kwa kuwa grisi ya petroli huharibu mpira wake. Matundu yote mawili tuliyazibua.

Boti ilikwenda baharini saa mbili kwa mwendo wa kazi. Iliporudi, tishu ya pampu ilikuwa kavu, na kesho yake ngama ilikuwa kavu pia.

Ewe mwenye boti, unapopaka injini rangi, zungusha brashi mbali na tundu la chini ya pampu, na kila wiki lipapase kwa kidole. Likiwa na unyevu, badilisha sili mapema. Wewe fundi mwenzangu, tambua maji kabla ya kushika spana.