Sauti Mpya Isipimwe kwa Sauti ya Jana

Wahenga husema, kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini mwaka 1995 kipya kilichukiwa. Kundi la Iron Maiden la Uingereza, lipigalo muziki wa kishindo uitwao hevi metali, lilitoa santuri iitwayo The X Factor. Mwimbaji wao mashuhuri, Bruce Dickinson, alikuwa ameondoka mwaka 1993, na mahali pake palishikwa na Blaze Bayley, mwenye sauti nzito ya chini. Wengi walinung'unika kwamba hafiki juu kama mwenzake.

Kweli, hafiki, tena santuri yenyewe yapita dakika 70, na pengine yachosha. Lakini nyimbo zake ni za vita, hofu na shaka. Je, mwenye huzuni hulia kwa mlio wa tarumbeta? Sauti ile ya chini ndiyo iliyozifaa. Hata Dickinson, aliporudi mwaka 1999, aliuimba hadharani wimbo wa kwanza wa santuri hiyo, Sign of the Cross. Asingeuimba kama ungekuwa makapi.

Basi, ndugu wasomaji, ashikaye kazi ya mwingine na apimwe kwa kazi aliyopewa, si kwa kivuli cha aliyemtangulia.