Hesabu na Mtu katika Tawasifu ya Sakharov

Tawasifu ya mwanasayansi aliyebuni silaha huzua swali gumu la usimulizi: mhanga asiyejulikana husawiriwa vipi? Swali hili ndilo uti wa mgongo wa tawasifu ya Andrei Sakharov, iliyotolewa mwaka 1990, ijapokuwa wengi wameisoma kama kisa cha ushujaa wa kisiasa tu. Sehemu yake kubwa iliandikwa uhamishoni mjini Gorky, mwandishi akiwa ameondolewa katika kazi ya silaha tangu 1968.

Uvumbuzi wenyewe unasimuliwa kwa ubahili. Kwa kufungwa na siri za dola, Sakharov anaziita hatua za kuundwa kwa bomu la haidrojeni wazo la kwanza, la pili na la tatu. Wahanga nao wamekuwa tarakimu: makala yake ya kisayansi ya 1958 yalikadiria kuwa kila megatani inayolipuliwa hewani ingewadhuru watu wapatao 10,000, wengi wao katika vizazi vya mbali mno. Hakuna awezaye kutajwa kati yao, kwa kuwa saratani iletwayo na mionzi haina alama ya kuitenga na nyingine. Huu si ubaridi wa moyo, kama inavyodhaniwa. Hesabu ndiyo lugha pekee ya majuto aliyokuwa nayo.

Lugha hiyo inavunjika mara moja. Katika jaribio la Novemba 1955, mtoto wa kike wa miaka miwili aliyeachwa ndani ya handaki aliuawa lilipoporomoka. Hapa mhanga ana umri na mahali, na nathari inakuwa nzito ghafla.

Udhaifu wa kazi unajitokeza katika sura ya Agosti 1953. Kuhamishwa kwa wakazi wa Karaul, ambao hawakurejea hadi majira ya kuchipua ya 1954, kunasimuliwa kama tatizo la uchukuzi: malori, upepo, saa zilizobaki. Kwa msomaji wa Kikazaki, nyanda hizo ndizo chimbuko la Abai Kunanbaev, na kwa hiyo la fasihi andishi ya taifa lake. Sauti hiyo inayokosekana haikupotea. Februari 1989 mshairi Olzhas Suleimenov, aliyetarajiwa kusoma mashairi kwenye televisheni, alisoma badala yake tamko la kupinga majaribio ya Semipalatinsk. Uwanja huo ulifungwa Agosti 1991, baada ya majaribio 456.