Ufundi wa Kuendeleza Hadithi za Enzi ya Matanga

Hadithi ya mashabiki, yaani utungo ambao msomaji aliyependa kitabu fulani huwachukua wahusika wake na ulimwengu wake akauendeleza kwa kalamu yake mwenyewe, imezoeleka kuhesabiwa kuwa kazi ya daraja la chini, kana kwamba anayeanzia kwa mwenzake hana chake. Hukumu hiyo haisimami mbele ya fasihi ya Kiswahili, ambayo baadhi ya tungo zake zinazoheshimiwa zaidi zilizaliwa kwa njia hiyo hiyo, wala haisimami mbele ya hadithi za enzi ya matanga, yaani zile karne ambazo safari za bahari kuu zilitegemea upepo kabla injini ya mvuke haijavipokonya vyombo vya tanga kazi yake. Katika hadithi hizo, anayeendeleza hufungwa na mambo asiyoweza kuyabadilisha, na thamani ya kazi yake hupimwa kwa namna anavyotembea ndani ya vifungo hivyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni takhmisi, utungo ambao mshairi huchukua beti za mistari miwili za mtangulizi wake, akatanguliza mistari mitatu yake mbele ya kila ubeti, hata ubeti ukawa wa mistari mitano na ile ya asili ikabaki mwishoni kama ilivyokuwa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliufanyia hivyo utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, na hakuna mhakiki makini anayemwita mwigaji kwa sababu hiyo. Ugumu wa kazi yenyewe ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwa haraka: mistari mitatu mipya hulazimika kufuata vina na mizani ya ile ya kale, kulinda hadhi ya msemaji wake, na kisha kufika mahali ambapo maneno ya Liyongo, ambayo msikilizaji anayajua kwa ghibu, yasikike kama jibu lililokuwa likingojewa. Naye Muhammad Kijumwa wa Lamu, alipouandika utenzi wa maisha ya Liyongo mwaka 1913, alikuwa akimpokea mhusika yule yule kutoka kwenye vinywa vya vizazi vingi vilivyomtangulia. Hata malumbano ya washairi wa Mombasa na Lamu wakati wa Vita vya Kuduhu, ambamo Muyaka bin Haji na Zahidi Mngumi walijibizana ubeti kwa ubeti, yalikuwa sanaa ya kushika neno la mwenzako na kulipeleka mbele.

Katika hadithi ya bahari, nafasi ya ile mistari miwili isiyoguswa hushikwa na upepo na chombo. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Novemba hadi Machi na kuvileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi na kuvirudisha, ingawa katikati yake, mnamo Juni na Julai, bahari huchafuka kiasi kwamba manahodha wa zamani waliihesabu kuwa imefungwa. Mtunzi anayemwondosha nahodha Mombasa mwezi wa Januari, tanga limejaa, akielekea Maskati, ameshaivunja hadithi yake kabla haijatoka bandarini, kwa kuwa katika mwezi huo upepo wote unamjia usoni. Anayejua hayo hupata faida kubwa, maana nahodha aliyekosa msimu hulazimika kukaa bandarini miezi kadhaa, na katika miezi hiyo ndipo watu hukopa, huoa, hugombana na kusimuliana. Kukawia huko ndiko hasa kulikozifanya bandari za Waswahili kuwa mahali pa kupokezana hadithi.

Chombo nacho kina masharti yake. Tanga la pembetatu la jahazi hufungwa kwenye foromali, boriti ndefu inayotundikwa mlingotini kwa mshazari, na chombo kinapotaka kubadili upande, mara nyingi mabaharia hukizungusha mpaka upepo uingie kwa nyuma, upande wa tezi, wakalilegeza tanga, kisha wakaihamisha foromali nzito hadi upande wa pili wa mlingoti huku nguo ikipigapiga na kamba zikitafuta mikono ya kuzishika. Baharia asiye makini anaweza kutupwa majini katika kazi hiyo moja. Mtepe, chombo cha kale cha pwani ya Lamu, ulikuwa na mambo mengine: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lake lilikuwa la mraba na la mkeka, na kwa kuwa mishono ilivuja, mabaharia hawakupumzika kufua maji. Mtunzi anayevichanganya vyombo hivi viwili, akaupa mtepe foromali ya mshazari au jahazi tanga la mkeka, hajafanya kosa dogo la istilahi, kwa kuwa amewapa watu wake mwendo na hofu ya chombo kingine.

Msomaji wa Mwanda, juu katika milima ya Taita, huenda asijue gosi wala demani, zile ncha mbili za chini za tanga ambazo mabaharia huzivuta na kuzilegeza, lakini ndiye mpimaji mzuri wa hadithi ya aina hii. Mzaliwa wa Kisauni au wa Lamu atajaza mwenyewe pengo aliloliacha mwandishi, ilhali mtu wa mlimani huelewa kile tu alichoelezwa vizuri. Hadithi inayomfanya ajue, bila kamusi, kwa nini kila mtu chomboni amenyamaza foromali inapohama, imeandikwa na fundi.

Kwa Kiingereza, uwanja huu umejaa watu wanaoziendeleza riwaya za C. S. Forester kuhusu Horatio Hornblower, zilizoanza kutoka mwaka 1937, na zaidi zile 20 alizokamilisha Patrick O'Brian kati ya 1969 na 1999 kuhusu nahodha Jack Aubrey na rafiki yake Stephen Maturin, tabibu na mpelelezi. Msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuingia humo angefanya vyema kuanza na The Mauritius Command ya mwaka 1977, inayosimulia mapigano ya Waingereza na Wafaransa ya kugombea visiwa vya Réunion na Mauritius mwaka 1809 na 1810, kwa sababu riwaya hiyo inapakana na historia ya Mombasa kwa karibu sana. Katika miaka hiyo hiyo ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, William Fitzwilliam Owen, alikuwa mateka wa Wafaransa huko Mauritius. Na Owen huyo ndiye aliyefika Mombasa na manowari Leven mwezi wa Februari 1824, akakubali ombi la Wamazrui, watawala wa mji huo, la kuwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza ili wajikinge na Seyyid Said wa Omani, tena bila idhini ya serikali yake. Alimwacha nyuma Luteni Reitz, kijana aliyefariki baada ya miezi michache tu na ambaye jina lake limebaki katika bandari ya Port Reitz; ulinzi wenyewe ulikwisha mwaka 1826. Muyaka alikuwa hai, yuko Mombasa, akiwatungia mashairi Wamazrui. Anayetafuta mahali pa kuipeleka meli ya Aubrey baada ya vita vya Napoleon anayo hapa miaka miwili iliyojaa watu halisi, kila mmoja akiwa na shabaha yake na kila mmoja akimhitaji mwenzake kwa muda.

Hata hivyo, hadithi inayostahili kuwekwa mbele ya zote ina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Imo katika mkusanyiko wa Kiarabu wa karne ya 10 unaoitwa Ajaib al-Hind, yaani maajabu ya Hindi, unaonasibishwa na nahodha Buzurg bin Shahriyar wa Ramhormuz, aliyekusanya masimulizi ya manahodha wenzake. Nahodha Ismailuya aliondoka Omani mwaka 310 wa Hijria, yaani 922, akielekea Kanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanakihusisha na Pemba, lakini upepo ukamsukuma hadi Sofala, katika nchi ya Wazanji. Mfalme wa huko aliwapokea wageni kwa wema, akawaruhusu wafanye biashara, na siku ya kuondoka akapanda chomboni pamoja na watu wake kuwaaga. Ismailuya alipiga hesabu ya bei ambayo kila mmoja wao angeleta sokoni Omani, akaamuru matanga yapandishwe, akawauza wote.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa moja tu kati ya nyingi za usaliti wa bahari. Miaka kadhaa baadaye upepo ule ule ukamtupa nahodha yule yule kwenye ufuo ule ule, na wenyeji walipowapeleka mabaharia mbele ya mfalme, wakamkuta aliye kitini ni yule waliyemuuza. Ndipo mfalme anaposhika usukani wa masimulizi. Anaeleza jinsi alivyopelekwa Basra akajifunza sala na Kurani, alivyouzwa tena hadi Baghdadi, alivyotoroka akafuatana na mahujaji hadi Makka, kisha Misri, na kutoka Misri akaufuata mto Naili na kukata bara mpaka akarudi kwao, ambako watu wake, kwa kungoja habari zake, hawakuwa wamemtawaza mwingine. Akawasamehe, kwa kuwa kwa sababu yao aliijua dini. Lakini alipowaaga mara hii, hakupanda chomboni.

Ufundi wa masimulizi haya uko katika mgawanyo wa sauti. Nusu ya kwanza ni ya muuzaji, nayo ina haraka na hesabu. Nusu ya pili ni ya aliyeuzwa, nayo ni ndefu, ina miji na walimu na njia, hata msomaji akagundua kwamba mhusika aliyedhaniwa kuwa shehena alikuwa akiishi maisha mapana kuliko ya nahodha mwenyewe. Hadithi imejiendeleza yenyewe kutoka upande uliokuwa umefungwa, na hicho ndicho kitu ambacho hadithi bora ya mashabiki hukifanya popote inapotungwa.

Robert Louis Stevenson hakuona aibu kueleza vyanzo vyake: katika insha ya mwaka 1894 alikiri kwamba kasuku wa Treasure Island alitoka kwa Robinson Crusoe wa Defoe, kiunzi cha mifupa kwa Poe, na boma la miti kwa Marryat. Kitabu hicho kilitiwa katika Kiswahili kwa jina Kisiwa chenye Hazina, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilikipenda bila kujua ni wangapi waliochangia shehena yake.

Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, uliochapishwa mwaka 1934, unahitaji kusomwa kwa namna nyingine. Unasimulia watu waliotekwa bara, wakapitishwa pwani na kupakiwa vyomboni, kisha wakaokolewa na manowari za Uingereza na hatimaye kupewa makao Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 karibu na Mombasa. Wahakiki wamelalamika, kwa haki, kwamba kitabu kinawasifu mno waokoaji. Lakini kina jambo adimu, nalo ni sauti ya jamii iliyosafiri chini ya sitaha. Anayekiendeleza anaweza kulipanua jambo hilo akiwa na historia mkononi: mwezi wa Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa alipokikaribia chombo kilichobeba watumwa, na kisa hicho hadi leo husimuliwa zaidi kutoka upande wa sitaha ya Waingereza.

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina Peponi mwaka 2022, ndiyo inayoutoa ufundi huu baharini na kuupandisha bara. Mhusika wake Yusuf anabeba kisa cha Nabii Yusuf, na wachambuzi wameonyesha kwamba msafara anaofuatana nao umechotwa katika masimulizi ya Waswahili wenyewe, hasa yale ya Selemani bin Mwenye Chande yaliyochapishwa katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Gurnah amepokea taarifa ya mfanyabiashara na kuikabidhi kwa kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, na kwa kuihamisha hivyo, bei ya kila kitu imebadilika.

Hapo ndipo milima ya Taita inapoingia katika enzi ya matanga. Njia ya misafara ya Mombasa ilipita Rabai, ikakata nyika ya Taru ambako maji yalikuwa haba, ikafika Maungu, Ndara na Bura, kisha Taveta. Na mmishonari Johannes Rebmann, aliyefika Kasigau mwaka 1847, aliipita nchi ya Wataita mwaka uliofuata alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei. Nguo ya merikani iliyofumwa Massachusetts, ikapakiwa Salem na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa tanga, ilipandishwa bara kwa mabega ya wapagazi, na pembe za ndovu zikateremka kwa njia hiyo hiyo kungoja kusi. O'Brian aliujua upande wa meli, na Gurnah ameufuata msafara katika nchi nyingine. Mtunzi wa Mwanda anayetaka kuwaendeleza wote wawili ameshapewa mistari yake ya asili, yaani misimu ya upepo, uzito wa pembe na uhaba wa maji wa Taru. Iliyobaki kuandikwa ni ile ya mpagazi anayefika Mombasa akakuta chombo kimeshaondoka na msimu umefungwa.