Mupanga ni chombo cha kulimia: tusome kazi ya Freddy Tsimba tukiwa Kayna

Tumezoea kuongea hapa juu ya kazi, miradi na mambo ya masomo. Leo naomba tuongee juu ya sanamu. Najua kuna mtu atasema: "Agronome na sanamu, wapi na wapi?" Anivumilie kidogo, atapata jibu njiani.

Freddy Tsimba ni mchonga sanamu wa Kinshasa. Alizaliwa mwaka 1967, akamaliza masomo kwenye Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa mwaka 1989. Baada ya diploma alienda kujifunza tena, safari hii kwa watu wanaoyeyusha na kuchomelea chuma. Tunamuita mchonga sanamu, lakini kazi yake kubwa haikuwa kuchonga mti wala jiwe. Anakusanya vitu vilivyokwisha kutumika: maganda ya risasi aliyookota mahali vita vilipopita, vijiko, funguo, mitego ya panya, mapanga. Anavishikanisha kwa moto, kimoja juu ya kingine, mpaka mtu anatokea. Mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi ana mimba. Wengine hawana kichwa ao mikono.

Wengi wanaoandika juu yake wanasema anageuza silaha kuwa amani. Ni maneno mazuri ya kuweka chini ya picha, lakini mimi siyakubali. Kama angetaka amani ya namna hiyo, angeyeyusha yale maganda yote, ayafanye chuma laini kinachong'aa, na hakuna mtu angejua yalitoka wapi. Hafanyi vile. Anaacha kila ganda libaki ganda. Ukiwa mbali unaona ngozi ya mtu. Ukikaribia unaona matundu, moja moja, na unajua kila tundu lilitoa risasi iliyoenda mahali fulani.

Sisi wa agronomia tunaelewa jambo hili haraka. Ukitaka kujua historia ya shamba, unachimba shimo na kuangalia tabaka za udongo. Pale palipochomwa moto unaweza kukuta majivu na makaa. Pale udongo ulipoteremshwa na mvua, unaona. Mwenye shamba anaweza kukuambia lolote, lakini udongo nao una maneno yake. Tsimba anafanya sanamu ambayo mtu anaweza kuisoma namna hiyo. Hasafishi chuma. Anakiacha kiseme kilikopita, njo maana kazi yake inanigusa kuliko minara ya saruji tunayojengewa na wanasiasa.

Sasa tuje kwenye Nyumba ya mapanga. Ni nyumba kweli, ina kuta, na kuta zake ni mapanga yaliyochomelewa pamoja. Filamu System K ya Renaud Barret, ya mwaka 2019, inamuonyesha akiijenga Kinshasa. Mtu anajenga nyumba ili apate pa kuegemea na kulala. Hii huwezi kuiegemea. Mtu wa Ulaya akiiangalia anaweza kufikiri juu ya vita vya Afrika kwa jumla. Mtu wa Beni hawezi kufikiri kwa jumla. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 watu wa Beni wameuawa vijiji kwa vijiji, wengi kwa mapanga, na wengi wao walikuwa shambani ao njiani kurudi kutoka shambani. Kwao nyumba ya namna ile siyo mfano wa kitu kingine. Ni nyumba wanayoishi ndani yake kila siku.

Lakini kuna jambo sanamu ile haisemi, na nililisikia kwa mama mmoja mkulima wa huku Lubero. Nilimuonyesha picha kwenye telefone. Aliangalia muda mrefu, kisha akaniuliza: "Na ile mipanga yote, nani atalimia nayo sasa?" Sikucheka. Kwake mupanga si ishara. Ni cha kufyekea, cha kukatia miti ya muhogo kabla ya kupanda, cha kupunguzia kivuli kwenye kahawa, cha kupasulia kuni. Familia ikikimbia vita na kurudi mikono mitupu, vitu vya kwanza inavyotafuta ni mbegu, jembe na mupanga. Bila hivyo msimu umepotea, na msimu ukipotea njaa iko mlangoni.

Swali la mama yule ni uhakiki kamili, na nafikiri linaongeza uzito wa kazi ile. Kwa mkulima, uovu mkubwa si kwamba kuna silaha. Ni kwamba chombo cha kumlisha mtoto kimefanywa chombo cha kumuua, na hakuna anayeweza kuvitofautisha kwa macho. Mupanga wa palizo na mupanga wa kuua vilinunuliwa soko moja, bei moja. Tsimba alipoyashika mapanga, aliyaona upande wa damu. Upande wa shamba tunapaswa kuusema sisi, juu sisi njo tunaoujua.

Kazi yake nyingine inayonisumbua ni ile inayoitwa Ombres, maana yake Vivuli, ya mwaka 2016. Iko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Ndani ya jumba lile kuna ukuta wa zamani wenye majina 1508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo wakati wa Leopold II. Hakuna Mkongo hata mmoja kwenye ukuta ule. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji kuonyeshwa kwa watu kama wanyama, na 7 walikufa na kuzikwa Tervuren. Tsimba aliweka majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji kwenye vioo vya madirisha, mbele ya ukuta ule. Jua likiwaka, vivuli vya majina yao vinaanguka juu ya majina ya Wabelgiji. Hakuvunja ukuta, hakufuta jina la mtu. Alitumia jua tu.

Hapa ndipo ninapomlalamikia, ao tuseme ninailalamikia nchi yetu. Ombres iko Tervuren. Sanamu yake Porteuse de vies, ya mwanamke mwenye mimba, iliwekwa Paris mwaka 2018, kwenye Palais de Chaillot, pale Tangazo la haki za binadamu lilipopitishwa mwaka 1948. Ni heshima kubwa. Lakini sisi tunaotoka mahali penyewe pa maganda ya risasi tunaziona kwenye telefone, kama kuna mtandao. Wale wakulima-wasanii wa CATPC, kule Lusanga katika Kwilu, walijibu shida hii kwa njia yao: wanatengeneza sanamu za udongo, zinatolewa upya kwa kakao, zinauzwa nje, na pesa inanunua tena ardhi ya mashamba ya zamani. Mwaka 2024 walifika Venice, kwenye jumba la Uholanzi. Sisemi Tsimba afanye vile. Kila mtu na chuma chake. Nasema tu kwamba sanaa inayodai kuhusu jamii iulizwe pia: ikiondoka, inarudisha nini nyumbani?

Kwangu, kitu Tsimba anachoweza kuturudishia hata bila kuleta sanamu ni njia yake ya kufanya kazi. Usifiche chombo kilichofanya tendo. Na usiache mtu abaki nambari. Fikirini namna tunavyopata habari za Beni: "kumi wameuawa", "ishirini na wawili wameuawa". Kesho yake nambari nyingine inafunika ya jana. Ukuta wa Tervuren ulikuwa na majina ya upande mmoja. Sisi hatuna ukuta wa upande wowote.

Butembo kuna vijana wengi wanaochomelea milango na madirisha, mikono yao inajua moto. Kitu kinachokosekana si chuma. Ni orodha. Kwenye chama chetu kuna wahitimu wa historia, wa sheria, wa agronomia, na karibu kila mmoja ana kijiji anachokijua nyumba kwa nyumba. Tuanze kuandika majina, na pembeni ya kila jina tuweke alikuwa akilima nini: maharagi, kakao, muhogo, viazi. Familia zikubali kwanza, na pale ambapo kuandika kunaweza kumhatarisha mtu, tungoje. Mchonga sanamu atakuja baadaye, awe Tsimba ao kijana wa Butembo ambaye bado hatumjui.

Nani yuko tayari kuanza na kijiji chake?